Upande wa Sita

Jumatatu asubuhi Mama Pindo alitoka nje kuanika nguo. Aliporudi alimkuta mumewe amepiga magoti nyuma ya cherehani yake, futi mkononi, anapima ukuta.

"Umepoteza nini huko chini, Fundi?"

"Sentimita mia moja na themanini," alijibu mume, akijiandikia kwenye kiganja. "Safi kabisa. Rafu moja ndefu, ghorofa tano."

"Rafu ya nini?"

"Tulia kwanza nikueleze vizuri. Utafurahi."

Mama Pindo akakaa. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa, kila alipoambiwa atafurahi, kuna kitu chake kilihamishwa.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtaa mzima ukimwita Fundi Baridi, na ugonjwa wake ulikuwa santuri. Si za dansi. Alipenda ule muziki mzito wa okestra, wa fidla sitini zinazolia kwa pamoja na watu wanaoimba kana kwamba wamebanwa vidole na mlango. Alikuwa nazo mia tatu na kumi na mbili. Mteja aliyeshindwa kulipa gharama za friji alijua la kufanya: anapekua stoo ya marehemu baba yake, anatoka na santuri mbili zenye utando wa buibui, na Fundi anamshukuru kana kwamba yeye ndiye mwenye deni.

Cherehani ilikaa kwanza sebuleni, dirishani, penye mwanga. Santuri zilipotimia mia, ikahamia chumba cha pili. Zilipotimia mia mbili, ikahamia koridoni, kati ya chumba na choo. Hapo wateja walisimama mikono juu wakipimwa kifua, na mwenye haja akapita na ndoo yake chini ya makwapa yao, akisema, "Samahani, samahani, msishushe."

"Haya, nifurahishe," alisema Mama Pindo.

"Bi Mwalimu, yule mjane wa mwalimu wa muziki, anahamia kwa mwanawe. Ana santuri mia nne za marehemu. Mia nne, Mama Pindo! Haziuzi. Anasema atampa bure mtu anayejua kusikiliza. Kinyozi wa jirani amekwenda kuomba, ameambiwa asubiri. Mimi je? Anakuja mwenyewe hapa Jumamosi saa tisa. Nimpigie kitu kimoja ninachokipenda, aone ninavyosikiliza."

"Na cherehani yangu?"

"Kibarazani. Hewa safi!"

"Na mvua?"

"Nitakufungia turubai."

"Fundi, nina sare sitini za shule. Mashati meupe. Kibaraza kinatazama barabara ya vumbi."

"Maturubai mawili basi."

Mama Pindo akaisogeza stuli yake kwenye cherehani. Kodi ya nyumba ile ililipwa na korido, si na majokofu, na wote wawili walilijua hilo ingawa mmoja wao hakupenda kulisikia. Mzazi hawezi kununua shati jeupe lenye rangi ya barabara. Atalirudisha mara ya kwanza, mara ya pili atakwenda kwa mshonaji mwingine mwenye mlango na dirisha.

"Sikubali," alisema.

"Mke wangu," alisema Fundi kwa upole, ule upole unaokera kuliko matusi, "wewe muziki huuelewi, ndiyo maana huoni uzito wa jambo."

Mama Pindo akavuta shati moja. Akakanyaga cherehani, ikaimba trrrr, na kichwani mwake mambo yakaanza kujipanga.

---

Mtaa mzima ulijua Fundi angempigia Bi Mwalimu kitu gani. Kilikuwa kisanduku kimoja chenye santuri tatu, opera nzima, yaani tamthilia ya kuimbwa, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua pale. Kijitabu cha maelezo kilikuwa kimekwisha kuliwa na panya kabla kisanduku hakijafika mikononi mwake. Hilo halikumsumbua. Kila Jumapili alasiri alikaa kwenye kiti chake, kiti ambacho hata paka hakuruhusiwa, majirani wakakaa sakafuni, naye akawaeleza.

Upande wa kwanza, binti anakutana na kijana kwenye sherehe. Fundi anaigeuza santuri. Binti anakufa, watu wanalia. Anaweka santuri ya pili. Yule yule binti anaimba, mchangamfu, anacheka.

"Sasa huyu ni mzimu wake," Fundi hueleza.

Siku moja Kinyozi aliuliza, "Mbona mzimu unagonganisha bilauri na wenzake?"

"Mizimu ya huko ina starehe zake," alijibu Fundi, na majirani wakatikisa vichwa kwa heshima.

Opera ikaendelea hivyo, mzimu ukigombana na mchumba, ukipatana naye, mpaka upande wa mwisho ulipokatika katikati ya kelele, kama mtu aliyefungua mlango akasahau alichotaka kusema. "Mtunzi alikusudia," Fundi alisema, na kila mtu akarudi kwake akiwaza.

Mama Pindo ndiye pekee aliyekuwa hawazi, kwa sababu alikuwa anajua.

Jumatatu hadi Ijumaa mume alipokwenda kufufua majokofu ya watu, mke aliacha mlango wa sebule wazi, akaweka santuri, akashona. Mwaka wa kwanza aliipiga kama mumewe alivyoipiga. Siku moja, akiwa na pini mdomoni, akatazama ile karatasi ya duara katikati ya santuri. Upande mmoja namba moja, nyuma yake namba sita. Santuri ya pili, mbili na tano. Ya tatu, tatu na nne. Mtu anayekata nguo kwa vipande vya karatasi vyenye namba haambiwi mara mbili. Kipande cha kwanza hushonwa kwenye cha pili. Ukikishona kwenye cha sita utapata gauni lenye kola kwenye pindo.

Akajaribu. Akapiga moja, akaiondoa bila kuigeuza, akaweka mbili. Ile sauti iliyokuwa ikikatwa ghafla mwisho wa kwanza ikadakwa mwanzo wa pili kama uzi ule ule. Binti akapenda, akagombana, akapatana, akaugua, akafa mwisho kabisa kama mtu mwenye adabu. Mama Pindo alilia juu ya sketi ya mteja hata ikabidi aipige pasi upya.

Siku ile ile, Fundi akila chakula cha jioni, alianza, "Mume wangu, zile namba za kwenye santuri..."

"Za kiwandani hizo," alisema Fundi, mdomo umejaa. "Muziki si cherehani, Mama Pindo."

Basi akaufunga mdomo wake na kuutia kifungo. Mwanzoni alinyamaza kwa hasira. Baadaye alinyamaza kwa raha. Kila Jumapili mzimu ulipotajwa alikimbilia jikoni, akainamisha kichwa ndani ya sufuria kubwa na kucheka humo. Miaka tisa.

Na sasa hesabu ilikuwa nyepesi. Bi Mwalimu ameishi na mwalimu wa muziki maisha yake yote. Akisikia upande wa sita umefuata wa kwanza, atabeba mkoba wake aondoke. Santuri zitakwenda kwa Kinyozi. Cherehani itabaki koridoni, pakavu. Alichotakiwa Mama Pindo kufanya ni kile alichokwisha kukizoea: asiseme kitu.

Ilikuwa rahisi mpaka Ijumaa. Siku hiyo Fundi alirudi mapema, akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa karibu na cherehani, akawa anazungusha kofia yake.

"Mama Pindo."

"Naam."

"Nikikosea je kesho?"

Mguu wa Mama Pindo ukasita. "Utakosea nini? Si wewe ndiye mwalimu wetu wa kila Jumapili?"

"Yule mama amesoma. Mimi nimeishia kusikia tu." Akacheka kidogo. "Ndani nanguruma kama mota mbovu ya friji."

Neno lilimfika Mama Pindo kwenye ncha ya ulimi. Akautazama ukuta, zile sentimita mia na themanini, kisha mashati sitini. Akalimeza. "Lete shati lako nilipige pasi," alisema. Akalinyoosha vizuri mno, kola ikasimama kama ya waziri. Dhamiri ikimsumbua mtu hupiga pasi hivyo.

---

Bi Mwalimu alifika saa tisa kamili, mdogo wa umbo, mkongojo mkono mmoja, mkoba mkubwa mkono mwingine. Kinyozi naye alifika, hakualikwa na mtu, amebeba kiti chake kutoka dukani.

"Nimekuja kujifunza," alisema.

"Umekuja kuona nikianguka," alisema Fundi.

"Na hilo pia."

Bi Mwalimu alipewa kile kiti kisichokaliwa na paka. Fundi alifuta santuri kwa kitambaa laini, akashusha sindano. Upande wa kwanza ukaanza, mgeni akafumba macho, akatabasamu. Mama Pindo alisimama mlangoni pa korido, ameshika mkasi ambao hakuwa na kazi nao.

Upande ukaisha. Fundi akaigeuza santuri.

Sauti ya kwanza ilipotoka, Bi Mwalimu alifumbua jicho moja. Kisha la pili. Mabega yakaanza kumtikisika. Amekasirika, Mama Pindo alijiambia. Sasa hivi ataomba mkongojo wake.

"Hapa ndipo anapokufa," Fundi alinong'ona.

"Mapema hivi?"

"Afya yake ilikuwa mbovu tangu mwanzo, Bi Mwalimu."

Ikaja santuri ya pili. Bi Mwalimu akainama mbele. "Na huyu anayeimba sasa ni nani?"

"Mzimu wake."

"Alaa!" Bi Mwalimu akatoa leso mkobani, akajiziba mdomo. "Na hao wanaokunywa naye?"

"Hao ni mizimu wenzake," alidakia Kinyozi, kama mtu aliyehudhuria sherehe yao.

Wakaendelea hivyo kwa zaidi ya saa mbili, Fundi akieleza, mgeni akiuliza, leso ikizidi kulowa. Upande wa mwisho ukakatika kwenye ile kelele yake.

"Umeishia hewani," alisema Bi Mwalimu.

"Mtunzi alikusudia. Mlango unafunguliwa, na hujui nani anaingia."

Bi Mwalimu akajifuta macho. "Fundi, marehemu alinipigia opera hii kila mwezi kwa miaka arobaini na mmoja. Kila mwezi yule binti anakufa mwisho, na mimi nimekwisha kusinzia. Leo sijasinzia hata dakika moja. Jumatatu njoo na mkokoteni, chukua zote mia nne."

Fundi aliruka, akamkumbatia Kinyozi bila kutazama ni nani. Mama Pindo aliona akilini cherehani yake kibarazani, turubai limejaa maji, shati jeupe lina alama ya tairi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Bi Mwalimu, anakosea!"

"Anakosea nini, mwanangu?"

"Anazipiga ovyo! Moja inafuatwa na mbili, si sita! Binti anakufa mwisho, hakuna mzimu wala ndugu yake mzimu! Ni miaka tisa anakosea!"

Gramafoni ilikuwa haijazimwa. Ilisikika ikizunguka, shwii, shwii. Fundi hakuitazama. Alimtazama mkewe.

"Miaka tisa?"

Mama Pindo akaona alichokitoa mdomoni, na hakikuwa na njia ya kurudi.

"Ulikuwa unajua," alisema Fundi taratibu. "Kila Jumapili. Mimi nasimama mbele za watu, naeleza mzimu, na wewe unajua."

"Hata mimi nilikuwa na wasiwasi na ule mzimu," alisema Kinyozi.

"Wewe nyamaza!" walisema mume na mke kwa pamoja.

"Mimi nami nilijua, tangu alipoigeuza," alisema Bi Mwalimu. "Zilitengenezwa kwa ajili ya mashine zinazodondosha santuri zenyewe, moja juu ya nyingine. Zikiisha zote tatu ndipo unageuza rundo zima mara moja. Wengi hukosea, ila sijaona aliyekosea vizuri namna hii." Akamgeukia Mama Pindo. "Wewe nani alikufundisha?"

"Hakuna. Vipande vya nguo vina namba."

"Na unasikiliza saa ngapi?"

"Nikishona. Yeye akiwa kazini."

"Unashonea wapi?"

Mama Pindo akaonyesha korido kwa mkasi. "Na Jumatatu nahamia kibarazani. Santuri zako zinataka ukuta."

Bi Mwalimu akatazama korido. Wakati huo huo mpangaji wa chumba cha nyuma alipita na ndoo, akasema samahani. Mgeni akatazama kibaraza na barabara iliyokuwa ikifuka vumbi. Kisha akainuka.

"Mimi nagawa santuri, sigawi hukumu. Nilitafuta msikilizaji mmoja, nimekuta wawili. Jumatatu saa nne. Mje wote wawili, au msije kabisa." Akachukua mkoba wake. Kinyozi akambebea mkongojo mpaka barabarani, kwa matumaini.

---

Jumapili alasiri majirani walikuja kama kawaida. Fundi aliwaambia gramafoni imeharibika, wakaondoka wakijadiliana habari za mzimu. Kwa jinsi walivyokuwa wakicheka, Kinyozi alikuwa amekwisha kunyoa vichwa kadhaa siku hiyo, akivisimulia yote.

Fundi akajitenga. Alikuwa uani, amechutama nyuma ya friji la mtu, anafungua skrubu ambayo alikuwa ameifunga dakika tano kabla. Mama Pindo alimfuata, akasimama.

"Fundi."

"Umenifanya kichekesho."

"Na wewe umeniweka koridoni miaka mitano, napitwa na ndoo."

"Hukuniambia kitu."

"Nilikuambia. Ukasema muziki si cherehani."

Bisibisi ikatulia. "Nilisema hivyo?"

"Ulikuwa na mdomo umejaa, lakini nilikusikia vizuri."

Fundi akaitazama skrubu kiganjani mwake. "Haya, miaka tisa nimekuelewa. Lakini wiki hii? Ijumaa nilikuja nikakaa pale, nikakuuliza nikikosea je. Ukaniambia nilete shati."

Hapo Mama Pindo angeweza kupata uongo mzuri, alikuwa nao wa aina tatu tayari. Akauacha wote. "Nilitaka ushindwe. Nilitaka zile santuri ziende kwa Kinyozi, nibaki na pembe yangu. Nimekukosea, mume wangu. Na ningefanya tena, maana pembe yenyewe ndiyo hiyo moja."

Fundi akashika bisibisi. Akafunga skrubu. Akaifungua.

"Zingemfaa nini Kinyozi," alisema mwishowe, "na masikio yake yalivyojaa nywele."

Mama Pindo akajiziba mdomo, akachelewa. Kicheko kilikwisha kutoka, bila sufuria. Fundi akajitahidi kubaki na hasira yake, lakini ilikuwa inavuja pembeni.

"Mizimu wenzake!" alisema Mama Pindo, akijishika ubavu.

"Huyo alikuwa Kinyozi, si mimi!"

"Na afya mbovu tangu mwanzo!"

"Basi, mama, basi. Inatosha." Akajifuta uso kwa kitambaa chenye grisi, akabaki na sharubu la upande mmoja. Kisha akasema bila kumtazama, "Nipigie."

"Nikupigie nini?"

"Huo wako. Wenye mpangilio."

"Nampigia mtu nikiwa nashona," alisema Mama Pindo. "Na leo sishonei koridoni."

Fundi akasimama. Akaingia ndani, akabeba cherehani, chuma na meza yake na vyote, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka sebuleni, dirishani. Rafu ya kwanza ikasukumwa, kiti chake kikatoka. Mama Pindo akafuata na kikapu cha nyuzi, hakumsaidia kwa makusudi.

"Na zile mia nne?" aliuliza. "Maana kesho saa nne tunakwenda, tena wote wawili."

Fundi, akihema, akatazama uani kupitia dirishani. Kulikuwa na majokofu manne yaliyokufa, wenyewe wameyasusa. "Yale hayatapona tena. Nikitoa vyuma vya ndani, santuri zinasimama wima, mlango una mpira, vumbi haliingii. Nitayapanga pale koridoni."

"Mtu akifungua kutafuta maji ya kunywa?"

"Atakutana na fidla."

Mama Pindo akavaa miwani, akaweka shati la kwanza chini ya sindano ya cherehani, na santuri ya kwanza chini ya sindano ya gramafoni. Fundi akakaa sakafuni, wanapokaa majirani. Upande wa kwanza ulipoisha mkono wake uliinuka wenyewe kwenda kuigeuza. Akaurudisha, akaukalia.

Mbili ikafuata. Tatu. Nne ikafika kwenye ile kelele ya mlango, na safari hii tano ikaudaka mlango ule na mtu akaingia. Fundi akashtuka kama aliyegongewa kwake. Mashati yakawa saba, nane, jua likahama kutoka mezani kwenda ukutani, na upande wa sita ukaanza, ule wa kifo, ambao alikuwa ameusikia mara mia nne bila kumjua anayekufa.

Akavumilia mpaka karibu na mwisho. Halafu akainua kidole kama kila Jumapili. "Unaona, hapa maana yake ni kwamba..."

"Fundi," alisema Mama Pindo, bila kuinua macho kutoka kwenye pindo. "Nyamaza. Hajamaliza kufa."